Saa Mbili kwenye Meza ya Fundi

Fundi aliziweka zote mbili juu ya kitambaa cheusi, akazigeuza nyuso zinielekee, akasema, "Haya Mama, chagua baba yako."

Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa nimemsumbua kwa miezi mitatu, na alikuwa na haki ya kunitania kidogo. Meza yake iko kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini Kisumu, chini ya ngazi, mahali ambapo mtu mrefu lazima ainame. Ni mzee kutoka upande wa Nyeri aliyefika hapa mimi sijazaliwa, na Kijaluo chake kimenyooka kuliko cha watoto wangu. Kila nikifika, yeye hunusa hewa kabla sijamsalimu, kwa sababu mimi ni mkaanga mgongo wazi pale Obunga, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na harufu ya mafuta yale haitoki hata uoge na ndimu.

Niliinama nikazitazama. Zilikuwa saa za kampuni moja, za miaka mingi kabla yangu, za kutia ufunguo, bila betri. Ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Uso wa rangi ya maziwa, vijiti vya chuma mahali pa namba, na upande wa tatu kidirisha kidogo chenye tarehe. Ungeniamsha usingizini na kunionyesha moja, ningeapa ni ya Baba. Ungenionyesha ya pili, ningeapa tena.

"Bei?" nikauliza.

"Sawasawa. Sitaki uniambie nilikusukuma."

Nilishukuru na kusikitika papo hapo. Bei ikitofautiana, mtu maskini huchaguliwa na mfuko, anarudi nyumbani na amani. Sasa ilibidi nichague kwa macho na kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na tano.

Niseme tulivyofika hapo. Sisi tuko wanne. Mimi ndiye wa kwanza, halafu ndugu yangu anayetengeneza pikipiki Kondele, halafu dada yetu anayeuza mboga Kibuye, halafu mdogo wetu wa mwisho. Mama alituacha mdogo akiwa na miezi minne. Baba akamfuata kabla mtoto hajaanza kutambaa. Nilikuwa kidato cha pili. Sikufukuzwa shule na wala hakuna aliyeniambia niache. Jumatatu moja nilivaa sare, nikamtazama mtoto, nikaivua sare. Mpaka leo huyo mdogo ananiita Mama, na hakosei.

Baba alikuwa soja wa usiku kwenye ghala moja karibu na gati. Aliingia kazini baada ya jua kuzama. Kila jioni, akishavaa koti lake na kuweka tochi mfukoni, alikaa kwenye kigoda mlangoni na kutuita: "Njooni muone kesho ikiingia." Sisi watatu tukaminya vichwa vyetu juu ya mkono wake. Mishale miwili ya saa ilipanda, ikakaribiana, ikakutana juu kabisa, na ndani ya kidirisha namba ikaruka. Tak. Nane ikawa tisa. Haikuteleza, haikupepesa. Iliruka kama chura. Ndugu yangu alipiga makofi kila siku kama hajawahi kuona. Baba akasema, "Imeingia. Mimi naenda kuilinda," akachukua rungu lake, akaenda.

Ndiyo hiyo tu. Hatuna shamba lake wala nyumba yake. Tuna ile namba iliyoruka.

Na saa yenyewe niliiuza mimi. Wiki chache baada ya mazishi mdogo wetu alishikwa na kifua, akawa anapumua kama anayepuliza jiko, na hospitali iliandika dawa. Nikamuuzia saa mtu wa mitumba kwenye stendi, sikumwuliza hata jina. Mtoto akapona. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna utani wa miaka yote, na mwenye utani ni ndugu yangu: kwamba saa ya Baba aliimeza mdogo. Mdogo alipokuwa mtoto, alikuwa akimlaza chini na kuweka sikio tumboni mwake. "Nyamazeni, inalia. Ni saa ngapi huko ndani?" Wote tulicheka, hata yeye alicheka.

Pasaka iliyopita tulikuwa kwangu tumeshiba, na kama kawaida mazungumzo yakafika kwenye kigoda na kesho ikiingia. Ndugu yangu akapiga yale makofi yake. Dada yetu akaigiza sauti ya Baba. Nikageuka kumtafuta mdogo wetu, nikamwona nje kwenye karai anaosha sahani ambazo nilikuwa nimeshaziosha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana cheti chake cha famasia, na kazi ilikuwa imepatikana kwenye duka la dawa huko Sondu. Katika hadithi tuliyoipenda kuliko zote, yeye hayumo, na katika hadithi iliyobaki yeye ndiye aliyeimeza saa.

Hapo nikaamua. Kabla hajahamia Sondu atakuwa na saa ile. Ya Baba mwenyewe siwezi kuipata, hilo nalijua. Lakini dada yake ni mzima na ana miguu, na saa za aina ile hazikutengenezwa moja.

Nilianza bila kujua chochote. Nilikuwa na picha moja, Baba amesimama kwenye geti la ghala, mikono ameikunja kifuani, saa yenyewe kama punje ya njugu. Nilizunguka Kibuye nikaonyeshwa saa za dhahabu zinazochubuka ukizitazama. Nikaenda hadi Bondo kwa sababu mtu alisema kuna mwalimu mstaafu mwenye saa ya zamani. Nikaikuta ni ya betri, na mwalimu akanipa chai na kunishauri nichukue hiyo, haina usumbufu. Kila mtu alinishauri nichukue ya betri. Hata huyu fundi alinishauri, siku ya kwanza. Nikamwambia, "Mzee, nikitaka saa ya kunionyesha wakati, simu ninayo." Akanitazama, akachukua picha, akaiwekea kioo chake cha jicho moja.

"Kuna dirisha la tarehe hapa," akasema. "Na hii miguu ya kushikia mkanda... Nipe muda."

Ndipo baada ya miezi mitatu akawa na mbili. Moja aliitoa kwa mjane wa mtu aliyefanya kazi ya reli, nyingine ilikuwa kwenye kopo la mwenzake wa Kericho kati ya saa mbovu. Ya mjane ilikuwa safi, kioo hakina mkwaruzo, mshale wa sekunde unatembea kama askari wa gwaride. Ya kopo ilikuwa na doa la rangi ya chai usoni, na kioo chake kama kilisuguliwa kwa mchanga.

"Tofauti yake ni nini?" nikauliza. "Nje ya huu uchafu."

"Ndani ni mashine tofauti. Hii ya mjane ilitoka baadaye, wakairekebisha. Kwa nje walibadilisha kidogo sana. Miguu hii imepinda kidogo, hii imenyooka. Kwenye picha yako siwezi kuona." Akasukuma ile safi mbele. "Mimi ningechukua hii. Itakaa."

Nilikuwa karibu kusema sawa. Mkono ulikuwa umeshaingia kwenye kitambaa cha pesa kifuani. Lakini nikataka kwanza nimwambie kilichonifanya niitafute, ili aniambie ndiyo, hii ndiyo yenyewe. Nikamweleza kigoda, mlango, vichwa vitatu, namba kuruka.

Akatabasamu. "Jioni?"

"Jioni. Jua linazama."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili. Mishale yote miwili iko juu."

"Mama, saa kumi na mbili mshale mfupi uko chini, kwenye sita."

"Uko juu, kwenye kumi na mbili."

"Ukiwa juu hiyo ni saa sita. Na tarehe hubadilika saa sita ya usiku. Saa zote duniani ziko hivyo." Alikuwa anazungumza polepole sasa, kama na mtoto wa nasari. "Nyinyi mlikuwa watoto wa miaka mingapi?"

"Mimi kumi na moja, kumi na mbili. Ndugu yangu saba."

"Sasa mtoto wa miaka saba anafanya nini mlangoni saa sita ya usiku? Na baba yenu alikuwa ameshaingia kazini."

"Ilikuwa jioni, Mzee. Kuku walikuwa wanaingia ndani."

"Basi kuku ndio waliokuwa na saa mbovu."

Jirani yake anayetengeneza miwani alicheka. Mimi sikucheka. Nilitoa mkono kifuani bila kitu, nikasema nitarudi kesho. Fundi akasema hana haraka, ila kuna mtu wa benki ameiulizia ile safi, na kesho ni Ijumaa.

Nilirudi Obunga nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya fundi. Ilikuwa ya kujiuliza. Mtu unaweza kubeba kitu miaka ishirini, ukawalisha wadogo zako kama uji, halafu mtu mwenye kioo kwenye jicho akakwambia hakikuwezekana. Labda Baba alituamsha usiku mara moja tu, siku ya sikukuu, nasi tukaieneza ikawa kila siku. Labda alikuwa anazungusha kile kifungo cha pembeni kwa kidole, anatuchezea, na hatukuona. Kama ni hivyo, basi yoyote kati ya zile mbili ingetosha, na ningemchukulia mdogo wetu ile safi, nikanyamaza. Nilijaribu kukubali hivyo wakati nawasha moto. Sikuweza. Ningempa kitu ambacho mimi mwenyewe sikiamini, naye angelisikia hilo kwenye sauti yangu, maana alikulia mgongoni kwangu.

Siku iliyofuata saa za mchana ndugu yangu alipita na pikipiki ya mteja, eti anaijaribu, lakini njia zake zote za kujaribu pikipiki hupita kwenye karai langu. Akachukua mfupa wenye nyama nyingi.

"Umenunua?"

"Bado. Fundi anasema tulikuwa tunaota." Nikamweleza.

Alitafuna. "Mwambie huyo mzee ilikuwa inaruka. Mimi nilipiga makofi. Nitapigaje makofi kwa kitu hakipo?"

"Anasema mishale ikiwa juu ni saa sita usiku."

"Hiyo ya kizungu." Akatema mwiba. "Ya Baba haikuwa ya kizungu. Umesahau nilivyochekwa?"

"Umechekwa mara nyingi, sijui ipi."

"Siku ya mtihani, darasa la tatu. Baba alikuwa amelala, nikamvua saa nikaenda nayo nijidai. Mwalimu anaingia asubuhi, ananiona na saa, ananiuliza kwa Kiingereza ni saa ngapi. Mimi naangalia mshale, uko kwenye mbili. Nikajibu hivyo hivyo, nikatafsiri mbili kwa Kiingereza. Darasa lote likalala chini. Mwalimu anasema, huyu yuko saa nane mchana, mwacheni, ameshakula." Alicheka mwenyewe, kisha akaona sicheki. "Dada, mafuta yanaungua."

Nilitoa samaki motoni. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake na kichwa kilikuwa kwenye kigoda.

Baba hakufika mbali darasani. Alipoipata ile saa, nafikiri kutoka kwa bosi aliyekuwa anahama, alikuta inasema mambo mengine kabisa na mdomo wake. Watu wote wanaozungumza Kiswahili au Kijaluo hufanya ile hesabu bila kufikiri: mshale uko kwenye nane, mdomo unasema saa mbili. Baba hakutaka. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Mama, "Ikionyesha tatu ni tatu. Kwa nini nidanganye mshale?" Akaisogeza saa yake mpaka ikasema anachosema. Jua likichomoza, mishale juu. Jua likizama, mishale juu. Na mimi niliisoma hivyo tangu utotoni, kwa hiyo nilipokuwa namwambia fundi saa kumi na mbili na mshale kwenye kumi na mbili, sikuona cha kueleza. Nilidhani nimesema kitu kimoja. Kumbe nimesema viwili, na yeye amesikia usiku wa manane.

"Shika karai," nikamwambia ndugu yangu.

"Mimi? Nina pikipiki ya watu."

"Shika."

Nilimwachia kijiko kirefu cha kukaangia na aproni, nikaondoka na kanga yenye mafuta vile vile. Nyuma nilimsikia mteja akimwuliza, "Omera, ndugu, umeolewa lini?"

Fundi alikuwa anakunja vitu vyake kwenda kula. Nikamwambia kabla sijakaa: "Mzee, baba yangu aliweka saa yake kwa Kiswahili."

Alisimama na kopo lake la vyombo mkononi. Niliona akifikiri, macho yakienda juu na kurudi. Kisha akaketi polepole, akaanza kucheka kwa mabega, bila sauti, mpaka akavua kile kioo.

"Sita mbele," akasema. "Aliisogeza sita mbele. Kwa hiyo usiku wake wa manane unaingia jioni." Akafuta macho. "Miaka arobaini nashika saa. Niliwahi kumwona mmoja tu, mama wa Seme, nikamrekebishia, akarudi kugombana nami."

"Sasa inawezekana?"

"Inawezekana kabisa. Lakini ngoja nikuambie kitu. Mishale hufika juu mara mbili, asubuhi na jioni. Tarehe hugeuka mara moja tu. Angeweza kuiacha igeuke asubuhi akirudi kazini. Aliyeiweka igeuke jioni alichagua. Alikaa akazungusha akahesabu."

Nilikuwa namjua Baba kama mtu aliyechoka, anayelala mchana na shuka usoni. Sikuwahi kumfikiria amekaa peke yake akizungusha saa, akihakikisha kesho inaingia tukiwa macho.

"Na kuruka?" nikauliza.

"Hapo ndipo mashine zinapotofautiana. Tuone." Akachukua ile safi, ya mjane, akavuta kifungo cha pembeni. "Tazama dirisha tu. Usitazame mishale."

Ilikuwa kwenye kumi na nne. Akazungusha. Mshale ulipofika kwenye kumi, ile kumi na nne ikaanza kuegemea, kama mtu anayesinzia kanisani. Kwenye kumi na moja ilikuwa nusu, na kichwa cha kumi na tano kinachungulia. Juu kabisa zilikuwa mbili kwa pamoja, hakuna inayosomeka. Ilipokaa vizuri mshale ulikuwa umeshapita moja.

"Hii inatambaa," fundi akasema. "Ni mashine nzuri. Lakini inatambaa."

"Sio hii."

"Ngoja uone nyingine kwanza. Inaweza ikawa inatambaa pia, au imekufa. Haijafunguliwa miaka mingi."

Akachukua ile yenye doa. Dirishani ilikuwa nane. Akazungusha taratibu, anasikiliza kwa vidole. Kumi. Nane imekaa. Kumi na moja. Nane. Mishale ikakutana juu, na nane ikabaki pale pale, ikinitazama. Ikapita moja, ikapita mbili.

Jirani wa miwani alikuwa amesimama nyuma yangu na sandwichi yake.

"Imekufa," jirani akasema.

"Wewe kula," fundi akamjibu. Kwangu akasema, "Huo ulikuwa mchana wake. Hugeuka mara moja, nimekwambia. Tunangoja usiku." Akaendelea kuzungusha, tatu, nne, saba, tisa. Alipofika kumi na moja na nusu akanigeuzia saa, akanishikisha kile kifungo. "Malizia wewe. Mbele tu. Usirudishe nyuma hata kidogo."

Vidole vyangu vilikuwa na mafuta na kifungo kiliteleza. Nikakifuta kwa kanga, nikashika tena. Mishale ilikaribiana. Ikakutana. Ikapita juu kama unene wa uzi.

Tak.

Tisa.

Sikulia. Watu husubiri mtu alie hapo. Nilisema, "Hii," nikaitoa ile pesa.

"Sikiliza," fundi akasema, hakuipokea. "Hii itakusumbua. Kioo nitakisugua, nitaisafisha, nitaitia mafuta. Lakini doa halitoki, na itakuwa inakosea dakika tatu nne kwa siku. Hii nyingine nakuuzia leo na sikuoni tena miaka mitano. Mtu wa benki anakuja jioni."

"Mwachie mtu wa benki."

"Msichana wa dawa atataka kitu kisafi."

"Mzee, huyo msichana nilimbeba. Nitamwambia mimi."

Akapokea. Aliniambia nirudi Jumamosi, na nilipomweleza ni nani nimemwachia karai, akasema afadhali nikimbie.

Jumapili walikuja wote baada ya kanisa. Kesho yake mdogo wetu alikuwa anaenda Sondu. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, limesimama kando ya mlango. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema na yote yalipotea, nikamwekea tu ile saa mbele ya sahani, kwenye kitambaa kile cheusi ambacho fundi alinipa.

"Sio ya Baba," nikasema. "Ya Baba niliiuza, unajua. Hii ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja. Hilo doa niliambiwa halitoki."

Hakugusa. Dada yetu alifunika mdomo. Ndugu yangu ndiye aliyewahi, kama ilivyo kazi yake. "Ameitema," akasema.

Mdogo wetu akacheka, safari hii kwa sauti, akaichukua saa. Aliigeuza, akatazama mgongo wake, akaiweka sikioni mwenyewe.

"Tarehe sio," akasema. "Hapa ni tisa. Leo ni ishirini na nane."

"Nilimkataza fundi asiiguse," nikasema. "Unaizungusha mwenyewe. Mbele tu. Kila mizunguko miwili, siku moja."

"Mara kumi na tisa?"

"Mara kumi na tisa."

"Na niiweke saa ya nani? Ya Baba au ya watu?"

Ndugu yangu akasema ya Baba, hapana mjadala. Yeye akatikisa kichwa. "Mimi naandikia wagonjwa saa za dawa. Nikiweka ya Baba nitaua mtu Sondu." Akanitazama mimi, aone kama nimeumia. Sikuwa nimeumia. Saa ilikuwa yake. Baba naye aliiweka ya kwake ilivyomfaa kwa kazi yake.

Akavuta kifungo, akaanza. Sisi watatu tulisogea bila kuambiwa. Nilisikia pumzi ya ndugu yangu kwenye shingo yangu, ina kitunguu. Mishale ikapita juu mara ya kwanza na hakuna kilichotokea, na ndugu yangu akawa anafungua mdomo, nikamfinya. Ikazunguka tena. Tak. Kumi.

Yeye alishtuka kidogo, mabega tu. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Alikuwa mrefu?"

"Sana," dada yetu akasema.

"Wa kawaida," ndugu yangu akasema. "Wewe ndiye ulikuwa mfupi."

Tak. Kumi na moja. "Alikuwa anakula nini?"

Hapo tuligombana. Mimi najua alipenda dagaa wa omena waliokaangwa wakavu. Dada yetu aliapa ni mboga ya osuga. Ndugu yangu alisema alikula chochote chenye ugali mkubwa. Mdogo wetu alitusikiliza, kidole gumba kinaendelea, akaamua kama hakimu kwamba atachukua omena, kwa sababu mimi ndiye niliyepika. Kumi na mbili. Alikuwa anaimba? Hapana. Ndiyo, alipokuwa anaoga. Kumi na tatu, kumi na nne. Aliogopa nini? Kumi na tano ilipita bila swali, alikuwa anapumzisha kidole. Dada yetu alitaka kumsaidia kuzungusha, akamnyima.

Miaka yote nilidhani yeye hataki kuzungumza habari za Baba. Hakuwa na mahali pa kuanzia tu. Maswali yalikuwa yamepangwa, tena mengine hatukuyajua majibu, na tulimwambia hatujui.

Ilipofika ishirini na moja aliacha kuzungusha. Chai ilikuwa imepoa na hakuna aliyeinywa.

"Mimi alinibeba?"

Wale wawili wakanitazama. Walikuwa wadogo, hilo lilikuwa langu.

"Alikubeba kila asubuhi akirudi kazini," nikasema. "Lakini alivua saa kwanza. Bizimu ya mkanda ilikuwa inakukwaruza mguu, ukalia. Kwa hiyo aliivua akaiweka mfukoni, ndipo akakuchukua."

"Mfuko upi?"

"Wa shati. Wa kushoto."

Kisha akashika kifungo tena, akaendelea kuzungusha. Zilikuwa zimebaki siku saba.